Ukiona Tunafunga Muzigo, Kula Kwanza

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hilo mapema ili msomaji asitegemee ushujaa. Kule Fizi, juu milimani, majirani waliniita kuku wa kuatamia. Wengine wakienda kulima, wengine wakishuka mjini Baraka, ziwani, kuuza, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikitengeneza mguu wa kiti nilioutengeneza juma lililopita. Nilimaliza masomo ya sekondari, na tangu hapo sikumbuki kama nimemaliza kitu kingine. Mke wangu alijua njia zote. Mimi nilijua milango.

Vita vilipokuja, na vya kwetu vilikuja vikaenda vikarudi kama mgeni aliyesahau kofia, hata kukimbia nilikimbia shingo upande. Nilikuwa wa mwisho kutoka uani na wa kwanza kurudi. Lakini ajabu ya dunia, huyu asiyependa safari ndiye aliyekuwa mwalimu wa safari. Niliwafundisha watoto wangu kukimbia, na masomo yalikuwa mawili tu.

La kwanza: ukiona wakubwa wanafunga mzigo, usiulize wala usilie. Nenda kwenye sufuria, kula chochote utakachokuta, na kinachobaki kifiche mwilini, maana hatujui tutakula tena wapi.

La pili: tukifika kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, mtu wa bunduki akikuuliza lolote, jibu ni moja, "Hatuna kitu." Akiuliza jina lako, hatuna kitu. Akiuliza baba yako amekwenda wapi, hatuna kitu.

Tulifanya mazoezi uani. Mimi nilikuwa bariere, ufagio begani, sura nimeikunja.

"We mutoto! Mama yako iko wapi?"

"Hatuna kitu!"

"Unapenda ndagala?"

"Hatuna kitu!"

Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Katika watoto wote, aliyepata alama za juu alikuwa kijana wetu wa mwisho, au niseme wa mwisho mpaka majuzi, kwa sababu mama yake alikuwa amejifungua tena na cheo kikamponyoka. Hakuwa ameanza shule, lakini kwa masomo yangu mawili angepewa diploma.

Tatizo lake lilikuwa ngiri. Alizaliwa nayo, uvimbe mdogo kwenye kinena upande wa kulia. Akilala, hauonekani. Akilia au akikimbia, unatoka kama yai la njiwa, na akizidi kulia unakuwa yai la kuku. Kwa hiyo alijifundisha kukimbia mkono mmoja ukiwa umebana pale, kama mtu aliyeficha kitu mfukoni. Wenzake wakimpita, yeye anakuja nyuma, mkono kinenani, mkono mwingine ukipiga hewa. Mara ya mwisho tulipokimbilia mashambani nilimbeba. Nilimbeba vibaya, sina mgongo wa kubeba, na yai likatoka, na tulilala naye kwenye majani, miguu yake juu ya magoti yangu, tukilisubiri lirudi ndani huku milio ya bunduki ikisikika upande wa barabara.

Tuliporudi, muganga wa kituo chetu cha afya alimpapasa, akanitazama.

"Siku moja itatoka, itakataa kurudi," alisema. "Utumbo utabanwa pale. Hapa nikiona vile, nitamutuma kwa dokta. Kule porini utamutuma kwa nani? Muchukue sasa, wakati iko kimya."

Ukimya wa wakati ule haukuwa amani. Ulikuwa kama mtoto aliyenyamaza chumba cha pili: unajua kuna kitu anafanya. Tukasikia kwamba dokta wa kupasua amefika Baraka kwa boti, maana barabara ya ziwani haikuaminika, na kwamba atafanya kazi yake haraka na kurudi kwa boti ile ile. Mke wangu alikuwa bado mzazi, hawezi kushuka ule mlima. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Utafika?" aliniuliza.

"Nitafika."

Hakuridhika. Alikwenda kwa jirani mwanamke aliyekuwa anashuka na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, akamwambia nikisikia: "Dada, munichungie mutoto. Na ule mukubwa vilevile."

Nilipewa baiskeli ya shemeji mmoja wa pale kwetu. Sijui kupanda baiskeli. Niliisukuma mpaka Baraka, mtoto ameketi kwenye kerya ya nyuma, mikono yake kiunoni mwangu, na jirani yangu na sombe yake kichwani akatutangulia na kutusubiri kila mteremko kama mtu anayesubiri mbuzi. Kwenye bariere kijana mmoja wa bunduki alimwinamia mtoto akamuuliza, kwa upole kabisa, "Kadogo, unaenda wapi?"

"Hatuna kitu," alijibu mwanangu, macho makavu.

Kijana yule alicheka, akatuachia. Nilijisikia mwalimu mwenye sifa.

Tulilala kwa dada ya mke wangu. Muganga alikuwa ameniambia, na shemeji nikamwambia, na shemeji akawaambia wote wa nyumba: mtoto asile kitu tangu jioni mpaka apasuliwe, tumbo liwe tupu. Jioni ile nililinda sufuria kama ghala la serikali. Asubuhi, jua halijapanda, nikafunga mzigo wetu mdogo: kitenge cha mama yake, shuka, shati langu la pili. Nikaufunga vizuri, mafundo mawili, kama nilivyozoea. Nikaenda uani kunawa uso.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mimi nilikuwa nanawa uso.

Hospitalini tuliambiwa watoto ndio wa kwanza. Nikafurahi: tutamaliza mapema, nitarudi kwenye kiti changu. Mwanamke wa kofia ya kijani, muganga wa mlango wa chumba cha kupasulia, alimuuliza mtoto, "Umekula?"

"Hatuna kitu," alisema mwanangu.

"Hajakula," nilidakia kwa fahari. "Mimi mwenyewe nimelinda."

Wakamvua nguo ili wamvalishe kitambaa cha hospitali. Kamba ya kaptula ilipolegezwa, kitu cheupe kikaanguka sakafuni, kikabingirika polepole mpaka kikagonga kiatu cha dokta. Kilikuwa kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Dokta alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikiokota.

"Hii ni nini?"

"Hatuna kitu," alisema mtoto.

"Kingine iko wapi?"

"Hatuna kitu."

Dokta akaweka kiganja juu ya tumbo lake, akabonyeza kidogo. "Kingine iko humu," alisema. Akanigeukia. "Baba, nikimulaza saa hii, chakula itapanda, itaingia mu mapafu. Atakufa juu ya muhogo, hapana juu ya ngiri. Unaelewa?"

Nilielewa. Nilikuwa na diploma ya sekondari na nilielewa kila neno.

"Atangoja wa mwisho," alisema. "Kama boti itakubali. Asikule kitu. Na asilie, ile kitu isitoke."

Basi nikatoka nimembeba, na kazi yangu ya siku nzima ilikuwa hiyo: mtoto mwenye njaa asile, mtoto mwenye hofu asilie, na mimi, ambaye nyumbani naombwa nisimguse mtoto akilala nisije nikamwamsha, ndiye wa kuhakikisha. Nilitaka kumuuliza kwa nini alikula. Nilitaka kumfinya sikio. Lakini ukimfinya analia, na akilia yai linatoka. Kwa hiyo nilimuuliza kwa sauti ya asali, meno yamebana: "Mwanangu, ile muhogo, ulikula juu ya nini?"

Alinitazama kama mwanafunzi bora anayetazama mwalimu aliyesahau somo.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na uwanja wa kupikia. Kwetu hospitali inakupa kitanda na sindano. Chakula analeta mlinzi wa mgonjwa, yaani ndugu anayemuuguza. Walikuwa bamama watupu, kila mmoja na mafiga yake na sufuria yake, moshi, mawese yakikaangwa, ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, sombe, bugali ikisongwa. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Na mikono yangu ilikuwa mitupu.

"Baba mutoto," aliniita mama mmoja mnene wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, aliyekuwa anamlinda dada yake, mkono mmoja kwenye mwiko, "we ni mulinzi wa namna gani? Sufuria haiko?"

"Haiko, mama."

"Makaa?"

"Haiko."

"Bibi yako alikutuma hapa na nini sasa?"

"Na mutoto," nilisema.

Wakacheka wote. Mama mwingine akasema mwanaume akija hospitali bila sufuria, ajue mgonjwa ni yeye.

Sasa shida yenyewe. Kwetu mtoto hapiti mbele ya chungu kinachochemka bila kupewa. Hata vita havikuondoa desturi hiyo. Vita viliizidisha, maana kila mama alikuwa na mtoto wake mahali fulani ambaye aliomba mama mwingine ampe. Hatukumaliza kuketi, mkono wa kwanza ukaja na samaki juu ya jani. Nikaurudisha. Ukaja wa pili na tonge lililochovywa kwenye sombe. Nikaurudisha. Nikahamia pembeni mwa ukuta. Kibibi kimoja kikatufuata na ndizi, kimejificha nyuma ya mgongo wangu kama mwizi, nikakuta tayari kinamenya.

"Bibi, hapana!"

"Sikupatia we. Napatia mutoto."

"Dokta amekataza!"

"Dokta iko na batoto?"

Wakaanza kunong'ona: huyu baba anamfunga mtoto njaa, tazama yeye mwenyewe alivyo na mashavu. Nikalazimika kusimama na kueleza, mimi nisiyependa kusema mbele ya watu. Nikaeleza ngiri, nikaeleza mapafu, nikaeleza muhogo. Nilipofika kwenye "atakufa juu ya muhogo" miiko ikasimama ndani ya sufuria. Mama wa Ubwari akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Basi, musikie! Ule mutoto asipewe kitu. Mutu akimuonea huruma, amuonee na macho."

Tangu hapo nilipata jeshi. Kila mtu mgeni aliyekuja na chakula alizuiwa kabla hajatufikia. Lakini harufu huwezi kuizuia. Mwanangu aliketi mapajani mwangu, uso ukutani, pua ikicheza.

"Papa."

"Ee."

"Na we usikule."

"Sitakula."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Alihakikisha. Kila baada ya muda alinusa mdomo wangu. Tumbo langu, ambalo halijazoea kunyimwa, likaanza kulalamika kwa sauti, na yeye akaweka sikio pale akasikiliza kwa uso wa dokta. "Hatuna kitu," alitoa taarifa. Kwa mara ya kwanza siku ile tulicheka, kidogo tu, yai lisitoke.

Lakini siku haikutulia. Hakuna aliyekaa kitako kizima. Tulikaa nusu, nusu nyingine imeshasimama. Mlango ukigongwa na upepo, mikono yote inakwenda kwenye mizigo. Pikipiki ikipita barabarani, mazungumzo yanakatika, inapita, yanaendelea palepale yalipokatikia. Mtu alisema upande wa Fizi kumesikika kitu. Kitu gani? Kitu. Nikafikiria mke wangu na kichanga chake na kiti changu chenye mguu mbovu. Na kila mara mwenye boti alikuja mpaka kwenye lango, suruali imekunjwa magotini, anauliza kwa sauti ya kusikika vyumba vyote: "Dokta bado? Maji inaanza kusimama, mawimbi inakuja!" Akiambiwa bado, anaondoka akitikisa kichwa, na mimi nahesabu wagonjwa waliobaki mbele yetu kwa kutazama vitanda vinavyotoka. Kitanda kikitoka, namshukuru Mungu. Mwenye boti akitokea, namlaani mwenye boti. Nilifanya hivyo mpaka nikachoka kubadilisha uso.

Alibaki mgonjwa mmoja mbele yetu, naye alikuwa ndani, pale watu walipoanza kukimbia.

Tuliwaona juu ya ukuta mfupi: vichwa, kwanza viwili, halafu vingi, vinateremka kwa kasi kuelekea ziwani. Hakuna aliyeuliza. Katika nchi yetu ya wakati ule mtu anayekimbia ni habari iliyokamilika. Uwanja mzima ukainuka. Sikuwahi kuona kazi inafanywa haraka vile: moto ukamwagiwa maji, sufuria zikafunikwa, vitenge vikatandazwa, fundo, fundo, fundo. Mama wa Ubwari alikuwa tayari na mzigo kichwani na mkono mmoja mlangoni mwa wodi, anamwita dada yake. Na mimi? Mikono yangu ilikuwa imeshafunga mzigo wetu kabla kichwa hakijaelewa. Mafundo mawili.

Nilipogeuka, mtoto hayupo kando yangu.

Alikuwa amechuchumaa kwenye sufuria ya mtu, iliyoachwa wazi, mkono umezama ndani ya bugali. Aliunyanyua. Tonge lilikuwa kubwa kuliko mdomo wake, na mdomo ulikuwa wazi, tayari.

Sijui kuruka. Niliruka. Niliangukia tumbo, nikamshika kiganja, na tonge likabaki hewani kati ya vidole vyake na meno yake.

"Achia!"

"Papa!" Macho yake yalikuwa yamejaa mshangao, kama mtu anayepigwa kwa kutii. "Papa, tunakimbia! Umefunga muzigo! Ulisema nikule kwanza!"

Nikabaki pale chini, pua karibu na majivu. Ndiyo. Nilisema. Na asubuhi ile kwa shemeji nilifunga mzigo, mafundo mawili, mbele ya macho yake, nikaenda kunawa uso. Mwanafunzi wangu alikwenda kwenye sufuria, akala alichokuta, akaficha kilichobaki, na mtu alipomuuliza akajibu alivyofundishwa. Hakukosea hata nukta moja.

Mama wa Ubwari alikuwa amerudi. Aliinama, akalifungua lile tonge vidoleni mwa mtoto kama anayechukua kisu, akalifumba kiganjani mwake. Mtoto akalia. Alilia kilio alichokitunza tangu asubuhi, na nilipoweka mkono pale chini, yai lilikuwa limetoka, na halikuwa la njiwa wala la kuku. Lilikuwa gumu.

Nikamlaza juu ya mzigo, miguu juu, kama tulivyofanya kwenye majani. Nikabonyeza taratibu. Halikurudi. Nikamwimbia. Halikurudi. Nje ya ukuta wale watu waliendelea kukimbia, na hapo mtoto mmoja wa mtaani akapanda juu ya ukuta, akatutazama sote na mizigo yetu vichwani, akashangaa.

"Munaenda wapi?"

"Nyie munakimbia nini?" alifoka mama mmoja.

"Ndagala! Mitumbwi ya Ubwari imefika imejaa mpaka juu. Banakimbilia ndagala!"

Mama wa Ubwari akatema mate. "Ndugu zangu wataniua na samaki," alisema, akashusha mzigo. Wengine wakaanza kucheka na kutafuta nani amemwaga maji kwenye moto wa nani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemnyanyua mtoto, nakimbia. Nakumbuka nilifikiria, katikati ya kukimbia, kwamba sasa sote wawili tunakimbia vibaya.

Dokta alikuwa ameshatoka. Begi lake mkononi, na nyuma yake mwenye boti, uso wa aliyeshinda.

"Dokta, imetoka," nilisema. "Inakataa kurudi."

Alipapasa mara moja tu. Akasimama wima, akatazama upande wa ziwa, akatazama tena mtoto.

"Amekula?"

"Hapana."

"Asubuhi vilevile ulisema hapana."

Nilifungua mdomo, na nilichokuwa nacho ndani kilikuwa "hatuna kitu".

"Hajakula!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama wa Ubwari alikuwa ametufuata, na nyuma yake nusu ya uwanja, na kile kibibi cha ndizi. "Hata tone ya maji. Sisi bote tumemuchunga. Alitaka kula saa hii, batu walipokimbia." Akanyoosha mkono, akafungua kiganja chini ya pua ya dokta. "Tonge yake njo hii. Tazama. Nzima. Haina hata alama ya jino."

Dokta alilitazama tonge. Alilizungusha kwa kidole kimoja, kwa makini, na nilimwona akipata kitu kama tabasamu, akakimeza. Akampa mwenye boti begi lake.

"Shika hii. Utaningoja."

"Dokta, mawimbi..."

"Basi weye ingia upasue, mimi nilinde boti."

Mwenye boti akashika begi.

Waliniruhusu kuingia mpaka alale. Nilimshika kichwa. Dokta, mdomo umefunikwa na kitambaa, alimwinamia: "Kijana, unaogopa?"

Mwanangu alimwona mtu mwenye uso uliofichwa, anauliza maswali.

"Hatuna kitu," alisema. Sindano ikafanya kazi yake, na macho yakabaki nusu wazi lakini yeye hayupo nyuma yake. Sijawahi kuona mlango ukifungwa vile. Wakanitoa nje kwa kunishika bega, maana, walisema baadaye, nilikuwa naelekea kuangukia ukuta.

Nje nilisimama. Nikaketi. Nikasimama. Nilitembea kutoka lango mpaka mafiga na kurudi, mimi ambaye majirani husema nikitembea sana ni kutoka kivulini kwenda kivulini. Mwenye boti naye alitembea, begi kifuani, kwa hiyo tulikuwa tunapishana katikati bila kusalimiana. Mama wa Ubwari alituvumilia, halafu akaniita.

"Baba mutoto. Keti. Utatuchimbia shimo."

Nikaketi. Akanyoosha kiganja. Lile tonge bado lilikuwepo, limepoa, limepata umbo la mkono wake.

"Kula."

"Nilimuahidi sitakula mpaka yeye akule."

"Atakapoamka utamubeba na nguvu gani? Na nguvu ya ile ahadi?"

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nililila lote, na vidole nikalamba.

Mlango ulipofunguliwa dokta alikuwa anavua glovu, anatembea huku anavua. "Utumbo ulikuwa bado mwekundu," alisema bila kusimama. "Ni muzuri. Tumerudisha, tumefunga. Siku chache asirukeruke." Akachukua begi lake, akashuka ziwani karibu mbio, mwenye boti mbele akipiga kelele. Sikupata kumshukuru. Niliwatazama wakiingia kwenye maji yaliyokwisha kuwa ya kijivu, na nilisimama pale mpaka boti ikawa kidoti, na kidoti kikazunguka ncha ya nchi.

Aliamka taratibu, akanitafuta kwa macho yasiyokubaliana.

"Papa. Tumekimbia?"

"Hapana. Tuko hapa hapa Baraka."

Akatafakari. Akapeleka mkono kinenani, akakuta bandeji, akaupapasa huko na huko kama mtu aliyeibiwa. Halafu akanivuta shati, akaleta pua kwenye mdomo wangu. Akanusa. Akanusa tena.

"Papa, umekula?"

Bamama wote wa wodi walikuwa wananitazama.

"Hatuna kitu," nilisema.

Mama wa Ubwari alitoka nje kucheka.

Tulirudi Fizi. Kidonda kilipona vizuri, mguu wa kiti haukupona. Na ukimya ule ulikwisha, kama tulivyojua utakwisha. Asubuhi moja milio ikaanza upande wa chini, mke wangu akafunga kichanga mgongoni, nami nikatandaza kitenge chini na kuanza kufunga. Fundo la kwanza. Nilipoinua macho, kijana wangu alikuwa amesimama kando ya sufuria, mfuniko mkononi, hajagusa kitu.

"Papa," aliuliza, "hii muzigo ni ya kukimbia ao ya hospitali?"

"Ya kukimbia, mwanangu."

"Nikule?"

"Kula."

Akachukua vipande vya muhogo. Mama yake alikuwa ameshatoka, ananiita kwa jina la kuku. Nikabeba mzigo, nikawa wa mwisho kutoka uani kama kawaida yangu, na kule mbele kwenye njia ya mashamba nikamwona anawapita wenzake mmoja baada ya mwingine, mdomo umejaa, na mikono yote miwili imeshika muhogo.